Karakana Inayokodisha Deraya Tabora: Vifaa Vizuri, Kanuni ya Pointi Isiyo ya Haki

Kwa miezi kadhaa sasa, karakana moja ya uchomeleaji iliyo nje kidogo ya katikati ya mji wa Tabora imekuwa ikitoa huduma ambayo sijawahi kuiona kwingine katika mikoa yetu ya magharibi. Inakodisha mavazi ya kivita ya mfano wa Ulaya ya Zama za Kati, pamoja na panga za henzerani na ngao za mbao, na kila Jumamosi jioni inasimamia mapambano katika uwanja uliozungushiwa kamba chini ya miembe. Nimekwenda mara tatu, nikiwa na walimu wenzangu wawili na mdogo wangu anayefanya kazi relini, na mara zote tulilipa bei ileile anayolipa kila mteja. Ninaandika tathmini hii kwa sababu vifaa ni bora kuliko nilivyotarajia na wahudumu ni waungwana, lakini liko jambo moja katika kuhesabu pointi ambalo lisiporekebishwa litawafukuza wateja ambao karakana inawahitaji zaidi. Jambo hilo ni swali la kale katika mchezo huu: je, vazi alilovaa mpiganaji liwe na uzito katika kuamua nani ameshinda?

Nianze na vifaa, kwa kuwa ndivyo vinavyomlinda mteja. Panga zote ni za henzerani yenye unene unaozidi milimita 30 kidogo, zimezungushiwa selotepu nene ili nyuzi zake zinapochakaa zisimchome mtu. Uchaguzi huu ni sahihi kabisa. Mwanzi una uwazi ndani, na ukipasuka hutoa kingo zenye makali ya wembe. Mti mgumu kama mninga humshushia aliyepigwa kishindo chote bila huruma. Lakini henzerani imejaa ndani, hupinda kidogo inapotua, na inapochoka huchanika nyuzinyuzi badala ya kuvunjika vipande. Ndiyo sababu Society for Creative Anachronism, jumuiya ya kuiga maisha na mapambano ya Zama za Kati iliyoanzia Berkeley katika jimbo la California mwaka 1966 na ambayo fundi mwenye karakana amefuata kanuni zake kwa sehemu kubwa, imeitumia henzerani kwa zaidi ya nusu karne. Chapeo zimetengenezwa kwa chuma cha geji 16 (kipimo cha unene wa bati), zina sponji nene ndani na vyuma vyembamba vilivyopangwa mbele ya uso. Nilikagua maungio yote yaliyochomelewa katika chapeo niliyopewa na sikuona ufa hata mmoja. Kila mteja, awe amelipa kiasi gani, hupewa chapeo hiyo, kinga ya shingo, ya viwiko, ya magoti, ya figo na ya sehemu za siri, pamoja na glavu ngumu. Kwa hilo fundi anastahili pongezi, kwa kuwa hakuna mteja anayeumia kwa sababu ya ufukara wake.

Tofauti ya bei inakuja kwenye vazi la kiwiliwili. Koti la pamba lililoshonwa tabaka kwa tabaka linakodishwa kwa shilingi 10,000. Deraya ya pete, ambayo vijana wa karakana wameiunganisha pete moja baada ya nyingine kwa waya wa uzio, ni shilingi 20,000. Na dirii ya bamba yenye mabega na mapaja ya chuma ni shilingi 35,000. Dirii hiyo inapendeza sana. Imepigwa msasa hadi inang'aa, na mtu akiivaa wakati jua linapoelekea Urambo, watoto wote wa mtaa hukusanyika kwenye kamba.

Maji ya kunywa yapo ya kutosha, kisanduku cha huduma ya kwanza kipo mezani, na mwamuzi husimamisha pambano mara tu mtu anapoinua mkono. Joto la Oktoba ndani ya chapeo ni kali, anayekwenda ajiandae.

Siku yetu ya kwanza, pointi zilihesabiwa kwa utaratibu uliozoeleka katika mchezo huu. Kila mpiganaji huchukuliwa kuwa amevaa vazi la aina moja, hata kama kwa kweli amevaa kitu kingine: deraya ya pete juu ya koti la pamba, na chapeo iliyo wazi usoni yenye kipande cha chuma cha kukinga pua, kama wapiganaji wa mwaka 1066 walivyodariziwa katika kile kitambaa kirefu cha Bayeux, Ufaransa. Pigo lenye nguvu ya kumdhuru mtu aliyevaa hivyo ni pigo halali. Likitua kichwani au kiwiliwilini, umekufa; likitua mkononi, mkono huo hauutumii tena; likitua pajani, unaendelea kupigana ukiwa umepiga magoti. Hairuhusiwi kupiga chini ya goti wala kwenye kiganja. Na anayeamua kama pigo lilitosha ni aliyepigwa mwenyewe, kwa uaminifu wake. Mwamuzi kazi yake ni usalama na utulivu wa uwanja.

Kanuni hiyo ya uaminifu humshangaza mgeni, na mimi ilinishangaza, lakini nusu saa ilitosha kunionyesha hekima yake. Watu wawili wanapozungukana na ngao, mwamuzi haoni kila upande, na hajui pigo lililopita juu ya ukingo wa ngao lilibaki na nguvu kiasi gani. Aliyepigwa anajua. Anajua, lakini kwa sharti moja ambalo kanuni hailitaji: awe amevaa kitu kinachomwezesha kulihisi pigo.

Hapo ndipo tatizo la kwanza lilipojitokeza. Mimi nilikuwa nimevaa koti la pamba, na mwenzangu anayefundisha hisabati alikuwa amevaa dirii ya bamba. Nilimpiga ubavuni pigo ambalo mlio wake ulisikika hadi kwenye mashine ya kukatia chuma upande wa pili wa ua. Akasimama, akafikiri kwa uaminifu, akasema, "Samahani Mwalimu, sijalihisi." Huyu ni mtu ambaye ningemkabidhi funguo za nyumba yangu. Hakudanganya. Bamba lilitawanya kishindo cha pigo, sponji ikameza kilichobaki, na mwilini pakafika mguso tu. Dakika moja baadaye alinigusa begani kwa nguvu ambayo nadhani ilikuwa nusu ya ile yangu, nami nikahisi maumivu, nikakubali, nikaanguka. Kanuni ilisema kwamba sote tumevaa vazi moja, lakini miili yetu ilikuwa ikitoa ushahidi kupitia mavazi mawili tofauti. Kwa hiyo vazi lilikuwa limeingia katika pointi kwa mlango wa nyuma, na aliyenufaika ni yule aliyevaa zito.

Nilimweleza fundi jambo hilo kabla hatujaondoka, naye alinisikiliza kwa makini na kuandika kwenye daftari lake. Tuliporudi baada ya wiki tatu, tulikuta tangazo jipya limebandikwa kwenye nguzo: mwenye koti la pamba anakufa kwa pigo moja, mwenye deraya ya pete kwa mapigo mawili, na mwenye bamba kwa mapigo matatu. Nilikuwa nimelalamika kwamba vazi linaingia kwa mlango wa nyuma, na sasa lilikuwa limefunguliwa mlango wa mbele. Nilipomuuliza fundi sababu, alinijibu kwa upole: "Mwalimu, mtu aliyetoa elfu thelathini na tano ananiuliza, nimelipia nini?"

Swali la mteja huyo si la kipuuzi, na sitaki mtu adhani ninalidharau. Mtu hakuvaa chuma katika vita vya kweli ili apendeze; alivaa kwa sababu chuma kiliamua nani anarudi nyumbani. Mwaka 1361, katika kisiwa cha Gotland ambacho leo ni sehemu ya Uswidi, wakulima walipigana na jeshi la mfalme wa Denmark nje ya ukuta wa mji wa Visby na wakashindwa vibaya. Makaburi yao ya pamoja yalipofukuliwa karne ya 20, ilipatikana mifupa ya watu zaidi ya elfu moja, na majeraha mengi sana yalikuwa kwenye miguu, chini ya goti, mahali ambapo ngao haikufika na vazi lilikuwa hafifu. Panga zilitafuta mahali palipo wazi. Anayesema kwamba vazi halina maana katika pambano amekana ushahidi wa mifupa hiyo. Nafundisha historia, na nisingependa mchezo unaodai kuiga zamani uwafundishe vijana wetu kwamba koti na bamba ni kitu kimoja.

Hata hivyo, tangazo la pale nguzoni halifundishi historia. Linafundisha kwamba bamba ni koti lililozidishwa mara tatu, na hivyo sivyo bamba lilivyofanya kazi. Upanga uliokata kwa nguvu koti la kitani ulimjeruhi mwenye koti. Upanga uleule ukishuka juu ya bamba zuri la karne ya 15 uliteleza, na ungeteleza mara ya pili, ya tatu na ya kumi. Pigo la tatu halikuwa na siri yoyote ambayo la kwanza halikuwa nayo. Ndiyo maana wapiganaji wa wakati huo walibadili namna ya kupigana badala ya kuongeza idadi ya mapigo: walishika upanga kwa mikono miwili, mkono mmoja ukiwa katikati ya ubapa wake, wakausukuma kama mkuki kwenye kwapa, kwenye tundu za macho, nyuma ya goti, au waliacha upanga wakachukua nyundo na shoka za mpini mrefu ili kishindo kipite pale makali yaliposhindwa. Deraya ya pete nayo ilikuwa na tabia yake: ilizuia makali vizuri, lakini ililegea chini ya pigo zito, na bila koti nene chini yake mfupa ulivunjika huku pete zote zikiwa nzima. Kwa hiyo anayetaka kweli vazi lihesabiwe, inampasa ahesabu mahali pigo lilipotua na aina ya pigo: mkato juu ya bamba usiwe na pointi kabisa, na mchomo kwenye pengo uwe kifo cha papo hapo.

Je, karakana inaweza kuendesha mchezo wa namna hiyo? Nimelifikiria sana swali hili, na jibu langu ni kwamba haiwezi, na isijaribu. Kuchoma kwapani au nyuma ya goti ni kumwelekeza mteja asiye na mazoezi kupiga mahali hasa ambapo vazi la kukodi halimkingi. Kanuni ya kutopiga chini ya goti ipo kwa sababu ya usalama, na hiyohiyo tayari imetutenganisha na uwanja wa Visby. Mchezo umekubali tangu mwanzo kuacha sehemu ya ukweli ili watu warudi nyumbani wakitembea. Ukishaacha sehemu hiyo, huwezi kubaki na ile inayompendelea mwenye bamba peke yake, ukadai kwamba umefanya hivyo kwa heshima ya historia.

Wapo wanaotetea mapigo matatu kwa hoja ya uzito: mwenye chuma anabeba mzigo, anachoka mapema, basi afidiwe. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama mzigo ungekuwepo. Deraya kamili ya bamba ya karne ya 15 ilikuwa na uzito wa takriban kilo 20 hadi 25. Ile ya karakana imetengenezwa kwa bati jembamba, na kwa ruhusa ya fundi tuliiweka kwenye mizani wanayopimia chuma chakavu: kilo 9. Kisha tukaweka deraya ya pete: kilo 13. Maana yake ni kwamba mwenye maisha matatu anabeba mzigo mwepesi kuliko mwenye maisha mawili, na uzito wa pete wote unaning'inia mabegani, wakati bamba limefungwa kwa mikanda sehemu mbalimbali za mwili. Mdogo wangu, aliyekuwa amevaa pete siku hiyo na kupoteza mapambano manne mfululizo, alitazama mizani ile kwa muda mrefu bila kusema neno.

Kwa wengi wetu hapa, deraya zikitajwa, jina la kwanza linalokuja ni Daudi. Waislamu wanamjua kuwa nabii aliyelainishiwa chuma akatengeneza deraya kwa mikono yake. Wakristo wanamkumbuka akivua deraya ya Sauli kabla ya kumkabili Goliathi, kwa kuwa hakuwa ameizoea. Mwenzetu wa tatu, anayefundisha Kiswahili, ndiye aliyetukumbusha hayo tulipokuwa tunavua chapeo, na nimeyaweka hapa kwa sababu yanagusa jambo ambalo kanuni ya mapigo matatu inalisahau kabisa: vazi zito lina gharama kwa asiyelizoea, na gharama hiyo hujilipa yenyewe uwanjani bila mwamuzi kuongeza wala kupunguza kitu. Mwenye bamba haoni vizuri miguuni pake, hainui mkono haraka, hageuki upesi. Kwa upande mwingine analindwa dhidi ya maumivu. Hiyo ni biashara kamili kati ya mtu na vazi lake.

Na sasa nifike kwenye bei, ambako ndiko moyo wangu ulikoumia. Mapigo matatu yakiuzwa kwa 35,000 na pigo moja kwa 10,000, kinachokodishwa si vazi tena. Vijana wawili waliokuja kwa baiskeli kutoka Ipuli walikuwa wamechanga elfu kumi kumi zao, na mmoja wao alikuwa na mkono mwepesi kuliko mtu yeyote niliyemwona pale; alimpiga mpinzani wake aliyevaa bamba mara mbili safi kabisa kabla hajaguswa hata mara moja, kisha akaguswa mara hiyo moja akatolewa. Alitoka kwa adabu, akarudisha upanga mezani kwa mikono miwili, na Jumamosi iliyofuata hakuonekana. Sijui sababu yake, lakini mimi ningekuwa na umri wake nisingerudi.

Michezo mingine imelitatua swali hili kwa njia mbili ambazo fundi anaweza kujifunza kwazo. Katika mchezo wa vitara wa Olimpiki, vazi halimfanyi mtu ahitaji kupigwa zaidi, na hisia za mchezaji hazihitajiki: tangu vitara vya aina ya épée vilipounganishwa na umeme kwenye Olimpiki ya mwaka 1936, ncha yenyewe ndiyo inayotoa ushahidi, na leo ncha ya épée lazima ibonyezwe kwa nguvu ya gramu 750, ile ya foil, aina nyingine ya kitara chepesi zaidi, kwa gramu 500, ndipo taa iwake. Nani amevaa nini haiulizwi. Njia ya pili ni ya mapambano ya makundi yanayotumia silaha za chuma butu, ambayo mashindano yake ya kimataifa yalianza Khotyn, Ukraine, mwaka 2010. Huko hakuna anayehesabu mapigo kabisa. Mtu anatolewa anapoangushwa, yaani sehemu ya tatu ya mwili wake inapogusa ardhi pamoja na miguu miwili. Vazi linafanya kazi yake kwa ukamilifu, kwa sababu ni la kweli na kila mmoja analo. Njia zote mbili ni za haki kwa sababu kila moja imekaa upande mmoja. Karakana yetu imesimama katikati, na hapo katikati ndipo fedha inapopata nafasi ya kusema.

Haya ndiyo niliyompendekezea fundi, na ninayarudia hapa ili wateja wengine wayaunge mkono au wayapinge. Kanuni ya siku ya kwanza irudishwe: sote tuhesabiwe kuwa tumevaa pete na koti. Ili kuziba ule mlango wa nyuma, kabla ya kila pambano mwamuzi ampige kila mpiganaji mapigo mawili ya kipimo ubavuni na begani, kwa nguvu ileile, mbele ya mpinzani wake, ili mwenye bamba ajue pigo halali linasikikaje ndani ya bati lake hata kama halimuumizi, na mwenye koti ajue kwamba si kila maumivu ni kifo. Mwenye bamba asikilize mlio. Mlio mzito uliotulia ni pigo, na mlio mwembamba unaokwaruza ni upanga ulioteleza. Kama fundi anataka jioni ambayo vazi lina maana, na mimi mwenyewe ningeipenda jioni hiyo, basi iwe jioni moja ya mwezi ambapo wote wamevaa daraja moja, au vikundi vimepangwa ili kila upande uwe na idadi sawa ya makoti, pete na mabamba, na mavazi yagawiwe kwa kura na bei iwe moja.

Kuhusu aliyetoa elfu thelathini na tano, jibu lake lipo. Amelipia saa za vijana waliopiga msasa bati lile, amelipia mng'aro, picha, na watoto waliojazana kwenye kamba. Hayo ni mengi, na yana thamani yake. Mwenzangu wa hisabati, ambaye amelivaa mara zote tatu, alimwambia fundi mbele yangu kwamba ataendelea kulilipia hata likihesabiwa pigo moja.

Fundi alituahidi kwamba mwezi ujao atajaribu mapigo ya kipimo kwa Jumamosi moja na kuondoa tangazo la nguzoni kwa siku hiyo. Kwa wanaopima huduma kwa daraja, vifaa na usalama ninavipa nyota tano kati ya tano, uungwana wa wahudumu tano, na kanuni ya pointi kama ilivyo leo ninaipa mbili. Anayekwenda kabla ya mabadiliko hayo, na akawa na elfu kumi tu mfukoni, aombe apangiwe mpinzani mwenye koti kama lake. Mwamuzi hakatai akiombwa. Sisi wanne tumeshalipia Jumamosi hiyo ya majaribio, na safari hii mwalimu wa hisabati ndiye atakayevaa koti la pamba.